Jina Pasipo Tendo: Urithi wa Rais Moi katika Darasa la Kiswahili, Ng'ambo ya Mombasa

Daniel Toroitich arap Moi aliitawala Kenya tangu 22 Agosti 1978, siku Jomo Kenyatta alipofariki katika Ikulu ya Mombasa, hadi 30 Disemba 2002. Yeye mwenyewe alifariki 4 Februari 2020. Kijana aingiaye shule ya sekondari leo huko Likoni, Kisauni au Changamwe alizaliwa miaka mingi baada ya utawala huo kwisha. Hana kumbukumbu yake. Ana majina tu. Uwanja wa ndege ulioko Changamwe waitwa Moi. Barabara kuu ya kisiwani, ambayo wazee bado waiita Kilindini, yaitwa Moi. Sikukuu ya 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, ikaja ikaitwa ya Utamaduni, na tangu 2024 ni ya Mazingira.

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna urithi wa kiongozi huyo unavyofundishwa kwa vijana wa ng'ambo ya Mombasa, na hasa namna unavyofundishwa kwa Kiswahili. Kwa kawaida jambo hili huachiwa mwalimu wa historia. Sisi twadai kwamba ni letu kabla ya kuwa lake, kwa sababu sehemu kubwa ya urithi wenyewe ni lugha. Aidha twadai kwamba mafunzo yalivyo sasa yana kasoro moja kubwa. Kijana hupewa jina lisilo na tendo, na mahali pengine hupewa tendo lisilo na jina. Viwili hivyo havikutanishwi mbele yake.

Tuanze na neno *nyayo*, maana ndilo lililobeba utawala wote. Ni wingi wa *wayo* au *unyayo*, na maana yake ni alama iachwayo na mguu ardhini. Rais mpya alipoahidi mwaka 1978 kufuata nyayo, neno lilikuwa na mwenyewe, naye ni marehemu Kenyatta. Moi alikuwa mfuasi. Lakini haukupita muda mrefu mwenye nyayo akabadilika. Wananchi wakaambiwa nao wafuate nyayo, na nyayo hizo sasa zilikuwa za Moi. Kisha neno likavuka mpaka mwingine, wa kisarufi. Likawa jina la mtu, likatoka katika ngeli yake, likachukua upatanisho wa kiumbe hai: Nyayo amefika, Nyayo amesema. Ni nadra sana katika Kiswahili nomino ya wingi, ya kitu kisicho na uhai, kuvishwa umoja na uhai kwa sababu za kisiasa, na ajabu ni kwamba hatuitumii kama mfano katika masomo yetu ya ngeli.

Kutoka hapo neno lilienea likafika kila mahali. Palikuwa na maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure katika shule za msingi kuanzia 1979. Palikuwa na mabasi ya Nyayo kuanzia 1986, na hata gari dogo la Nyayo lililoonyeshwa hadharani mwaka 1990 na ambalo halikufika sokoni. Palikuwa na uwanja wa michezo wa Nyayo huko Nairobi. Na palikuwa na jumba la Nyayo, Nairobi vilevile, ambalo chini yake mlikuwa na vyumba walimoteswa watu walioshukiwa kuipinga serikali katika miaka ya 1980. Neno moja likawa jina la maziwa ya mtoto na jina la jumba hilo. Mwalimu wa semantiki atatafuta mfano gani ulio bora kuliko huu?

Neno la pili ni *mtukufu*. Msikilizaji wa pwani alilijua zamani, naye alilisikia likiambatana na Mwezi wa Ramadhani na Msahafu. Sauti ya Kenya ilipofungua taarifa yake ya habari kwa Mtukufu Rais, siku baada ya siku, neno hilo lilishushwa daraja bila ya mtu yeyote kutangaza kwamba limeshushwa, au labda ni mtu aliyepandishwa. Kijana wa Kisauni akiulizwa leo tofauti baina ya *mtukufu* na *mheshimiwa* atajibu kwamba ni visawe. Jibu hilo lenyewe ni sehemu ya urithi.

Kuhusu nyimbo za kizalendo na mashairi ya kukariri hatuna haja ya kusema mengi. Zilitungwa kwa wingi, zikaimbwa na kwaya za shule siku za sherehe, na baadhi yake zina muziki mzuri ambao wazazi wa Changamwe bado waweza kuuimba bila ya kukosea. Hoja yetu si kwamba walioziimba walikuwa wanafiki. Mtoto aliyekunywa maziwa aliimba kwa furaha ya kweli. Hoja ni kwamba utanzu huo wa sifa ndio uliorithiwa na insha zetu. Mpe mwanafunzi mada ya mchango wa rais wa pili wa Kenya naye atakuandikia orodha: alijenga shule, aliwapenda watoto, alihimiza amani, upendo na umoja. Hakuna mwaka, hakuna mahali, hakuna aliyepata hasara. Ni shairi la sifa lililoondolewa vina. Mwaka 1984 Rais aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku kwa kumfuata yeye, kama alivyosema kwamba naye alimfuata Kenyatta. Na daftari zitumiwazo na wanafunzi wengi wa Kenya zina picha ya kasuku kwenye jalada; twalitaja hili kwa mzaha tu.

Upande wa pili kuna fasihi ya kutahiniwa, na hapo hali ni kinyume. Tamthilia ya *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia, iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa shuleni kwa miaka kadhaa, yamwonyesha Mtemi Bokono wa Butangi akimdhulumu Mwelusi na watu wake. Ni kazi nzuri, na jazanda ni haki ya msanii, hasa katika nchi ambamo kusema wazi kuliwahi kumpeleka mtu gerezani. Lawama yetu si kwa mtunzi bali kwa ufundishaji. Mwanafunzi huongozwa aeleze maudhui ya uongozi mbaya, sifa za Bokono, na umuhimu wa Mwelusi katika kuyajenga maudhui. Akimaliza anajua kwamba watawala wabaya wapo Butangi. Hapati tanbihi hata moja ya kumwambia ni utawala upi wa hapa kwetu uliowafanya watunzi wa kizazi hicho wahitaji Butangi. Huko tendo lipo, lakini jina halipo.

Sasa tuje Likoni kwenyewe, ambako jambo hili si la nadharia. Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi lenye silaha lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua bunduki, kisha likawageukia wakazi waliotoka bara. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na waliohama walikadiriwa kufika 100,000. Wengi walikimbilia kanisa la Katoliki la Likoni. Polisi nao walifanya msako, vijana wengi wa Kidigo wakakamatwa, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika habari za mateso. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza mapigano ya kikabila nchini, haya yakiwemo, na taarifa yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Yaliyosimuliwa humo ni maandalizi, viapo na mafunzo ya msituni.

Lakini tazama kitenzi tunachotumia darasani. Twasema *ghasia zilizuka Likoni*. Twasema *mapigano yalitokea*. Kuzuka ni tendo la jini au la upepo, halina mtendaji. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, yenye nafasi iliyo tayari kwa mtendaji: watu *waliuawa na* fulani, nyumba *zilichomwa na* fulani. Kina pia vitenzi vya kumkwepa, na hivyo ndivyo tulivyovichagua. Kila mwaka mwanafunzi hufundishwa mnyambuliko wa vitenzi kwa mifano ya kupika na kulima. Hajapata kuambiwa kwamba chaguo baina ya *zilichomwa* na *ziliungua* laweza kuwa ushahidi au kuficha ushahidi.

Msamiati nao wataka kuangaliwa. Kwa jiografia Likoni iko bara, maana si kisiwa. Lakini hakuna Mdigo wa Likoni atakayekubali kuitwa mbara. *Mbara* ni mtu wa kuja. Mwaka 1997 neno hilo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la kawaida, hata la utani, liliamua nani akimbie. *Kaya* nayo, makao ya kale ya Wamijikenda na mahali pa heshima na maombi, ikapata maana mpya vinywani mwa watu wa kisiwani kwa sababu ya Kaya Bombo, msitu wa Kwale uliotajwa kuwa mahali pa mafunzo. Mwaka 2008 makaya kadhaa ya Mijikenda yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kijana wa Likoni basi ana neno lenye urithi wa aina mbili, na mwalimu wake hufundisha mmoja tu.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba katika darasa moja la Likoni huenda wakaketi mjukuu wa mtu aliyehamishwa na mjukuu wa mtu aliyekamatwa katika msako, na mwalimu ahofia kukifukua kidonda. Hofu hiyo twaiheshimu; yeye ndiye atakayebaki darasani sisi tukisharudi katika semina zetu. Lakini wajukuu hao hawakosi habari. Kila mmoja ana habari ya nyumbani kwao, nayo ina watendaji na majina. Kinachokosekana ni mahali ambapo habari mbili zaweza kuwekwa sambamba na kupimwa sentensi kwa sentensi. Pingamizi ya pili yasema hii ni siasa, si lugha. Kwa hiyo tumekwisha kuijibu.

Pingamizi ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo ngumu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 chini ya Rais Moi kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, ndio uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo mwanafunzi wa Kenya aliweza kumaliza masomo bila ya kukijua. Walimu walihitajika kwa maelfu, vitabu vikahitajika, idara zikakua. Wengi wetu tuandikao katika kurasa kama hizi twala mkate huo. Naye Moi mwenyewe, akimaliza hotuba yake ya Kiingereza siku ya sherehe, aliiweka kando akawageukia wananchi kwa Kiswahili, na hapo ndipo watu waliposogea kusikiliza. Itakuwa uwongo kulificha hili, na itakuwa uwongo mkubwa zaidi kulifanya kuwa bei ya kunyamaza. Abdilatif Abdalla alifungwa chini ya Kenyatta, na mwaka 1974 *Sauti ya Dhiki* ikapewa tuzo yenye jina la Kenyatta. Hakuna aliyesema kwamba tuzo ilikifuta kifungo.

Kitabu kinachofaa kwa kazi hii tunacho, na mwandishi wake ni mtu wa Mombasa. Alamin Mazrui, aliyekuwa mhadhiri, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila ya kushitakiwa, na *Chembe cha Moyo*, iliyotoka Nairobi mwaka 1988 Moi akiwa bado madarakani, yatokana na hayo. Kisomwe Kisauni na Changamwe pamoja na nyimbo za sifa za muongo uleule, si badala yake. Mwanafunzi aone watu wawili wakiitumia lugha moja, katika nchi moja, mwaka mmoja.

Na kwa darasa la chini twapendekeza zoezi jepesi. Kila mwanafunzi amwendee babu, bibi au jirani aliyekuwa mtu mzima kabla ya 2002, amwombe aeleze Nyayo alikuwa nani, ayaandike maneno yale yale bila ya kuyasanifisha. Kisha darasani waorodheshe upatanisho uliotumika: nani amesema *Nyayo ali-*, nani amesema *nyayo zili-*, na nani aliyeanza na mmoja akaishia na wa pili. Majibu ya nyumba za wafanyakazi wa bandari huko Changamwe hayatafanana na ya Mtongwe. Mwalimu ayaandike yote ubaoni, na mwaka kando ya kila moja.