Mafuta, Kumwaga na Moshi: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo ya Ufundi

Tumepata kusoma tafsiri ya maelezo ya kuondoa tangi katika gari la kale la Volkswagen, lile liitwalo Beetle. Mfasiri ametumia Kiswahili chepesi, na majina kama boneti, geji na bolti ameyaacha kama yasemwavyo na mafundi. Kwa hilo anastahili sifa. Makosa yake yamo katika maneno matatu ya kawaida, ambayo kila mtu hudhani anayajua.

La kwanza ni mafuta. Agizo lisemalo "Toa mafuta yote" laweza kumpeleka mwanafunzi nyuma ya gari akatoe oili. Maana katika Beetle injini ipo nyuma, na tangi, lenye ujazo wa lita 40 hivi, limelala mbele, chini ya kifuniko cha mizigo, likishikwa kwa bolti nne. Mafuta ni jina la jumla: petroli, dizeli, oili, hata ya kupikia. Palipo na hatari jina la jumla halifai. Iandikwe petroli.

La pili ni kumwaga. Amwagaye maji huyaacha yaende ardhini. Lililokusudiwa hapa ni petroli ishuke kwa mpira hadi katika chombo chenye kifuniko. Kitenzi tunacho, nacho ni kukinga; watu hukinga maji ya mvua kila masika.

La tatu, nalo ndilo zito kupita yote, ni moshi. Mfasiri ameonya: "Jihadhari na moshi wa tangi." Moshi huonekana, na asili yake ni moto. Kitokacho katika petroli hakionekani, tena ni kizito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hujaa katika shimo la gereji, na cheche moja yatosha kukiwasha. Fundi asiyeona moshi ataamini yu salama. Vivyo hivyo "tangi tupu" ni maneno ya kupotosha, kwani tangi lililotolewa petroli laweza kulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umechanganyika na hewa. Twapendekeza mvuke wa petroli, na tangi lililotolewa petroli.

Huenda wakatokea watakaopinga kwamba mvuke ni wa maji yachemkayo. Hayo ni mazoea ya jikoni tu. Nguo ianikwapo juani hukauka kwa maji kugeuka mvuke, wala hapana chungu wala moto.

Yafaa basi, kabla ya tafsiri ya namna hii kupigwa chapa, asomewe fundi asiyejua Kiingereza, naye aeleze hatua kwa hatua atakavyofanya. Akienda kwenye oili, au akiwasha kiberiti achungulie ndani ya tangi, mfasiri na airudie kazi yake.