Ngalawa ya Chewa Huanzia Pangoni

Chewa akishameza chambo ana safari moja tu, kurudi pangoni. Mvuvi wa mshipi ana kama pima moja ya kumzuia, pengine nusu. Samaki akiwahi kuingia, hutanua matamvua na mapezi, akajikaza kwenye kuta za jiwe, na kuanzia hapo huvuti samaki tena, unavuta mwamba. Wavuvi wa Sahare, Mwambani na Kigombe, huko Tanga, wanalijua hilo tangu wakiwa watoto wa kukumba maji ngamani. Ndiyo maana sijapata kuelewa ushauri wa uvuvi unaoanza na chombo: nunua boti hili na injini ile, zana utazitafuta baadaye. Kwa chewa hesabu huenda kinyumenyume. Pango ndilo linalochagua ndoana, ndoana ikachagua mshipi, mshipi ukachagua nanga. Chombo huja mwisho.

Oktoba iliyopita, kusi ikiwa imeshapoa, nilishinda siku kadhaa pwani ya Sahare nikitazama ngalawa moja ikirudishwa kazini. Mwenyewe ni mzee wa mshipi ambaye hataki jina lake lionekane kwenye karatasi. Ngalawa yake ni gogo la mwembe lenye ubao mmoja wa mvule juu ya kila ubavu, na tanga la turubai lenye viraka vya magunia. (Ndiyo, tanga katika Tanga, utani huo wenyeji wameshauchoka.)

Alianza na ndoana, amekaa juu ya gunia kivulini. Mgeni dukani hukosea hapa kwa sababu namba zinamdanganya: ndoana namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Zikishuka hadi namba 1 hesabu hugeuka, zinaandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na sasa namba ikipanda ndoana nayo inakua. Kwa changu mzee alitenga namba 6. Kwa chewa akapanda hadi 6/0. Hizo ni ndoana mbili tofauti kabisa, ingawa msikiaji angedhani ni moja.

Kuhusu umbo tulibishana. Ipo ndoana ya kawaida yenye ncha iliyosimama, na ipo ya mviringo ambayo ncha yake imeinamia ndani. Ya mviringo haitaki kushtuliwa: samaki akigeuka kuondoka, huteleza hadi pembe ya taya na kujipachika yenyewe. Haikwami sana kwenye miamba, na mara chache humezwa hadi tumboni, kwa hiyo chewa mdogo anaweza kurudishwa akiwa hai. Hilo si jambo dogo, maana aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukimaliza wakubwa wote na wadogo hukuwaacha, jiwe linabaki tupu. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ndoana yangu inamsubiri samaki ageuke, na chewa akigeuka anageukia pangoni. Yeye anabaki na ya kawaida. Mimi bado naamini ya mviringo inafaa, mradi mkono uanze kuvuta kwa nguvu moja bila kushtua mara tu uzito unapoonekana. Lakini nakiri kwamba yeye ana samaki na mimi nina maoni.

Mshipi ni nailoni, na adui yake wa kwanza ni jua. Niliwahi kununua bunda zuri kwenye duka moja lililokuwa limeutundika mlangoni miezi mingi. Ulikatika mkononi mwangu kabla haujaona maji. Tangu siku hiyo nafanya alivyonionyesha mzee: kata kipande, funga fundo, lilowanishe, kisha livute hadi likatike. Nailoni ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu yake na fundo hupunguza nyingine, kwa hiyo mshipi mkavu usio na fundo haukwambii lolote la maana. Kwa changu utachukua mwembamba, kwa kuwa changu ana macho na wasiwasi. Kwa chewa chukua mnene. Chewa hakagui uzi, anakagua chambo, na ngisi mzima humtoa pangoni upesi kuliko ustadi wowote.

Baada ya kila safari mzee hukata pima mbili za mwisho, hata kama zinaonekana nzima. Ukizipitisha kati ya kucha utasikia mikwaruzo ya jiwe ambayo jicho halioni. Vijana huona huko ni kutupa mali. Chubwi nalo hulifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili likinasa katika ufa ikatike risasi peke yake, ndoana na samaki wabaki.

Sasa nanga, na hapa niruhusiwe kuvuka bahari kidogo. Wamarekani wana samaki wao wa maziwani wanayemwita bass. Si ukoo mmoja na chewa, ila tabia ni moja: hujificha na kuvizia. Ndiye huyohuyo aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Kwa ajili yake, mwaka 1948 huko Shreveport, Louisiana, Holmes Thurmond aliunda boti jembamba, tambarare, aliloliita Skeeter, na wengi huhesabu kwamba ndilo la kwanza la aina hiyo. Leo maboti hayo huwa na injini kubwa nyuma na mota ndogo ya umeme mbele. Ile kubwa hupigiwa picha, lakini kazi ya uvuvi hufanywa na ile ndogo, ambayo inakishikilia chombo mahali pamoja bila kelele wakati mvuvi anarusha chambo kwenye maficho. Kwa mvuvi wa Tanga kazi hiyo hufanywa na vipande vinne vya nondo vilivyokunjwa.

Nanga ya nondo ina siri moja: lazima iwe dhaifu kiasi. Ikinasa kwenye mwamba, unafunga kamba kwenye chombo, unaliacha wimbi linyanyue, makucha yananyooka na nanga inatoka. Nanga ya chuma kinene ingebaki chini pamoja na kamba. Kamba yenyewe ni hii ya plastiki tunayoiita manila, nayo huelea. Kwa mwenye injini ni hatari, maana kipande kilicholegea huja juu na kujizungusha kwenye rafadha. Pima mbili za mnyororo karibu na nanga hazimalizi hatari hiyo, ila mnyororo huulaza mwisho wa kamba chini, mvuto ukawa wa ubavuni, na jiwe likasugua chuma badala ya plastiki. Penye kina cha pima 11, kama mita 20, mzee huachia kamba mara tatu ya kina. Nanga haitupi juu ya pango. Huitupa mbele, mkondo unakotoka, kisha hulegeza kamba taratibu mpaka ngalawa irudi nyuma na chambo kitue mlangoni mwa chewa, si juu ya dari yake.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kalenda yote ya mzee. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na mkondo hukimbia kiasi kwamba chubwi halitui. Kwa hiyo chewa ni wa maji mafu. Bamvua ni ya kutengeneza chombo: maji makubwa huipandisha ngalawa juu kabisa pwani bila kulipa mtu, na maji madogo yanayofuata hayaifikii. Gati la matengenezo linajengwa na mwezi kila wiki mbili, bure.

Ngalawa ilipokauka, fundi mmoja alikwangua magamba kisha akaanza kugonga gogo kwa nyundo, shibri kwa shibri, akisikiliza. Mti mzima hulia wazi. Palipooza hujibu kama papai. Alipata sehemu mbili karibu na tezi, na moja ilikuwa na vitundu visivyozidi kichwa cha pini. Hao ni wadudu wanaotoboa mbao, ambao kwa ukoo ni jamaa wa chaza, si minyoo. Huingia wakiwa wadogo mno, hukulia ndani, na tundu la nje halisemi lolote kuhusu handaki lililoko nyuma yake. Dawa ni siku za jua, kisha moto wa makuti yaliyokauka unaopitishwa chini ya tumbo upesi upesi, joto liingie na mti usiungue.

Kisha kalafati. Pamba ya zamani ilitolewa kwenye mshono kati ya gogo na ubao. Mpya ikasokotwa, ikachovywa kwenye sifa, ikapigiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kijana aliyekuwa akimsaidia aliona bado pana mwanya.

"Fundi, niongeze pamba? Hapa bado pako wazi."

"Acha, kijana wangu. Nafasi hiyo ni ya maji. Mti ukishakunywa utaijaza wenyewe."

Nimeona chombo kilichoharibiwa kwa kukazwa mno: mbao zilivimba, hazikuwa na pa kwenda, zikang'oa misumari. Fundi huyu kila msumari huutobolea njia kwa keke kwanza, na chini ya kichwa chake huzungusha uzi wa pamba uliolowa mafuta. Mwisho ikapakwa deheni, chokaa na shahamu, kwenye sehemu yote inayokaa majini.

Mirengu miwili ilifungwa kwa kamba tupu, bila msumari hata mmoja. Mtu wa mjini hudhani huo ni umaskini. Wimbi linapoinua mrengu mmoja, fundo huachia kidogo, halafu hurudi; msumari ungepasua mti. Na watu wawili wakiegemea upande mmoja kumpandisha chewa, gogo lile jembamba halilali.

Boti la faiba je? Serikali imekuwa ikikopesha vikundi vya wavuvi maboti ya namna hiyo bila riba, na ni mazuri. Hayaozi, hayatobolewi na wadudu, hubeba barafu. Anayekwenda nje ya miamba kurambaza nguru au kufuata jodari asihangaike na mwembe. Lakini injini ya HP 15 ya mchanganyiko hunywa lita 6 hadi 7 kwa saa ukiifungua yote, inataka oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na inataka kuzungushwa kwenye pipa la maji matamu kila inaporudi, la sivyo chumvi huziba njia za maji ya kupozea. Kwa mwamba unaoonekana kutoka pwani, petroli hiyo inamla chewa kabla mnunuzi hajafika. Faiba pia ikipasuka inahitaji gundi na kitambaa maalumu kutoka dukani, wakati pamba na chokaa vinapatikana Sahare yenyewe.

Kuna faida nyingine ya mshipi ambayo Kigombe wanaifahamu. Majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu yalipandisha samaki wa kale aitwaye silikanti huko kuanzia miaka ya 2003 na 2004, hadi hifadhi yake ikatangazwa mwaka 2009. Baruti, ambayo sheria inaikataza, iliacha matumbawe mengi ya Tanga yakiwa kifusi, na kwenye kifusi hakuna pango. Mshipi hutoa samaki mmoja na kuliacha jiwe lilivyo.

Ngalawa ilirudi majini bamvua iliyofuata ilipoifikia. Siku ya kwanza ilivuja kidogo, siku ya tatu mti ulikuwa umeshajaa na ngama ilikuwa kavu. Maji mafu yalipofika walipata chewa wawili na changu wa kujaza kikapu, na kucha moja ya nanga ilinyooka. Mzee aliikunja upya pwani kwa jiwe, kabla hajauza samaki.