Kifua Kilichoachwa Wazi

Katika kazi zote za mbao za Wakazaki, sioni iliyobeba mapambano ya binadamu kwa uzito kama kobizi, ingawa haina uso wala mkono uliochongwa. Ni ala ya nyuzi mbili ipigwayo kwa uta, na kichwa, mpini na bakuli lake vyote hutoka katika gogo moja. Mchongaji hana kiungo cha kufichia kosa: chuma kikizama kupita kiasi, gogo limeharibika. Bakuli huwambwa ngozi ya ngamia upande wa chini, na sehemu ya juu, yaani kifua, ikaachwa wazi. Nyuzi ni mafungu ya singa za farasi, na kidole huzigusa tu bila kuzikandamiza kwenye mpini, ndiyo maana sauti hutoka na mikwaruzo, kama ya mtu anayesema huku kilio kimemkaba.

Aliyezoea vinyago atauliza: bila umbo la mtu, mapambano yako wapi? Yako kwenye ile ngozi. Wakazaki husimulia kuwa mtu wa kale aitwaye Korkyt alikikimbia kifo, na kila alikofika alikuta watu wakichimba kaburi. Akiuliza la nani, huambiwa ni la Korkyt. Akarudi kwenye mto Syr Darya, akamchinja ngamia wake, akaiwamba kobizi kwa ngozi yake, akapiga. Kifo hakikumsogelea mpaka usingizi ulipomshinda, nyoka akamuuma. Hadithi, ndiyo. Lakini fundi anayewamba ngozi ya ngamia hana haja ya kuchonga mtu akikimbia. Anatengeneza silaha yenyewe, na gharama yake inaonekana juu yake.

Miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwaandama waganga waliotumia kobizi katika tiba, na chini ya utawala huohuo ikaundwa kobizi mpya ya okestra: kifua kikafunikwa ubao, singa zikaondolewa, zikaja nyuzi za chuma. Wanaoyaita hayo maendeleo wana hoja, maana sauti ilinyooka na ala ikapata nafasi jukwaani. Ila mikwaruzo ilikwenda na singa, na huo kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko hadithi: maumivu yalikuwa ndani ya umbo, si katika ufundi wa mpigaji peke yake. Tungo za mtunzi wa Kikazaki Ykhlas Dukenuly (1843–1916) bado zinapigwa kwa kobizi ya kale, na mafundi wa Kazakistani bado wanaichonga, kifua wazi.