Sauti ya Kibandani

Mfasiri wa filamu ni mtu mmoja anayebeba midomo ya watu wote. Akishika kipaza sauti mbele ya kioo, yeye ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mama anayemlilia mwanawe, ndiye polisi anayefika vita vimekwisha. Filamu yaweza kuwa ya Hong Kong, ya Bombay au ya Hollywood, na mara nyingi ni ile ambayo hata kwao imeshasahaulika. Kinywani mwake hugeuka hadithi ya watu waliokaa kwenye mabenchi. Uganda humwita VJ. Kenya humwita DJ, ingawa hapigi muziki. Tanzania, ambako kibanda cha kuonyeshea filamu huitwa kibanda umiza, ilitosha kumtaja jina: hii kaitafsiri Lufufu, ile kaitafsiri fulani.

Lokori, mji mdogo wa Turkana Mashariki ulio kando ya Mto Kerio, ufundi huo hufika umefungwa ndani ya fleshi. Hutoka Lodwar pamoja na unga na sukari, hupita Lokichar, na jua likishazama betri iliyochajiwa kwa sola huwasha kioo. Watoto hukaa mchangani, vijana kwenye mabenchi, na mzee aliyekuja na ekicholong' yake, kigoda cha Kiturkana, huiweka karibu na mlango, penye upepo, akaikalia. Steringi anasema Kiingereza au Kichina. DJ aliyerekodi Nairobi anasema Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Mzee hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo mjukuu wake humnong'onezea Kiturkana. Mjukuu akichelewa, hugongwa bega. Akitia chumvi, babu hujua, maana macho yake yako kwenye picha. Mtoto huyo anafanya kazi ileile ya DJ mwenye jina kubwa, na shule yake ni kusikiliza tu.

Mtu anaweza kukijua Kiingereza sawasawa na bado akashindwa kutafsiri filamu. Kazi hii inataka kwanza sikio linalojua wakati wa kunyamaza. Mfasiri hodari huishusha sauti ya filamu ili aseme, kisha huipandisha ghafla risasi zinapoanza, kwa kuwa bunduki haihitaji mkalimani. Pambano likirefuka kupita kiasi, hulijaza kwa maneno: anamwonya adui, anamkumbusha steringi kisa cha baba yake aliyeuawa mwanzoni, anamweleza aliyechelewa kuingia kibandani nini kimempita. Watu wa kwenye kioo wakitembea katika theluji, hueleza baridi hiyo kwa namna ambayo hata mtu wa Lokori, aliyezoea ardhi inayounguza nyayo, ataihisi mwilini. Bwana wa kung fu mwenye ndevu nyeupe hupewa jina la mtaani, na kuanzia hapo hakuna anayemwona mgeni. Nusu ya mambo haya hayamo katika filamu. Yamo katika ufundi wa msimulizi, ambao ni mkubwa kwa umri kuliko umeme: ni wa bibi anayesimulia hadithi usiku, akibadilisha sauti kwa fisi na kwa sungura, akisubiri hadhira iitikie ndipo aendelee.

Afrika Mashariki ilimjua mkalimani wa filamu tangu enzi za ukoloni. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kilimo, afya na kuweka akiba posta, ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Maelezo yalichezwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Sauti ile ilikuja kuamuru. Ilichukua miongo kadhaa kabla mfasiri hajaanza kusema kwa niaba ya watazamaji wenyewe.

Aliyeipandisha kazi hii hadhi kwa Kiswahili ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala wa Tanzania, yaani Lufufu. Alianza kwa kutafsiri ana kwa ana vibandani Dar es Salaam, watu wakimsikiliza papo hapo, kisha akarekodi sauti yake kwenye kanda za VHS zilizouzwa na kukodishwa. Wengine walimfuata, miongoni mwao King Rich, aliyeitafsiri Titanic, filamu ya 1997, ikawa habari ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mtu alikuwa akiingia dukani na kuulizia sauti kabla ya kuulizia filamu. Hiyo ni heshima ambayo waigizaji wengi wa Hollywood hawakuipata.

Uganda ilifika mbali zaidi. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, yenye bunduki bandia na fedha kidogo mno, ambayo leo ina wapenzi wake duniani kote. Nakala safi ya kwanza haipo tena: kompyuta ya Nabwana ilikuwa moja, na kazi mpya ilihitaji nafasi. Iliyosalimika ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, anayecheka, anayeshangilia na kuwatambulisha makomando kana kwamba anatangaza mpira. Kwa hiyo mtazamaji wa Berlin au wa Texas anayeipenda filamu ile anampenda na mfasiri wake, maana hana njia ya kuwatenganisha.

Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika mabasi ya safari ndefu na vibanda vya miji isiyohesabika. Ni fundi kweli. Lakini enzi yake ndiyo iliyoleta mabadiliko ya kusikitisha: sauti ikinakiliwa kwa urahisi, mtu wa kusema papo hapo hatafutwi tena. Fleshi haijui kwamba mvua imenyesha leo, wala kwamba mbuzi wa mtazamaji wa safu ya mbele wamechukuliwa wiki iliyopita. Mfasiri aliyesimama kibandani alijua, na aliyaingiza katika usimulizi wake.

Kaskazini-magharibi mwa Lokori, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa 1992, shirika la FilmAid lilianza 2001 kuonyesha filamu usiku kwenye skrini kubwa za wazi. Huko Msomali, Mkongomani na Msudani hutazama picha moja, na Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowapatanisha.

Zipo pia filamu ambazo Lokori ingezitazama bila mkalimani yeyote. Mnamo 1973 na 1974 David na Judith MacDougall, mume na mke, waliishi na familia ya mzee Lorang huko Turkana na kupiga filamu tatu: Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Ya pili inahusu mahari ya Akai, binti wa Lorang, anayeolewa na Kongu, rafiki na rika la baba yake. Karibu filamu nzima ni watu wamekaa wakibishana juu ya idadi ya ngamia, nani atapata yupi, nani amedharauliwa. Kamera haiwaharakishi. Ni Kiturkana kitupu, na maandishi ya Kiingereza hupita chini ya picha kwa ajili ya wageni. Lorang's Way ilituzwa Paris mwaka 1979. Mzee wa ekicholong' angeisikiliza The Wedding Camels bila kumgonga mjukuu bega hata mara moja. Angesahihisha hesabu ya ngamia. Lakini filamu hizi zinatafutwa zaidi katika maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko katika kibanda chochote cha Turkana, na jambo hilo ni dhuluma.

Japani nayo ilikuwa na wafasiri wa filamu, walioitwa benshi, enzi za picha zisizo na sauti. Filamu za kuongea zilipokuja waligoma, wakashindwa. Heigo, kaka wa mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wa viongozi wa mgomo, na alijiua mwaka 1933. Hata hivyo sauti za benshi zilirekodiwa kwenye sahani za santuri, zikatunzwa, na hadi leo wapo wachache wanaoifanya kazi hiyo jukwaani.

Kanda za Lufufu, tofauti na sahani hizo, zilikuwa za biashara ndogo. Zilikodishwa, zikachakaa, ukungu ukaziingia, na mashine za kuzichezea zikatupwa. Zile za wafasiri wa vibanda vidogo, ambao hawakupata hata jina, ziko katika hali mbaya zaidi. Mwenye kanda ya namna hiyo sandukuni, mahali popote kuanzia Dar es Salaam hadi Lodwar, asiitupe.