Galveston 1900: Kosa Lilikuwa la Isaac Peke Yake?

Kitabu cha Erik Larson, Isaac's Storm, kilichotoka mwaka 1999, kinasimulia kimbunga kilichoupiga mji wa Galveston, jimbo la Texas, tarehe 8 Septemba 1900. Makadirio mengi hutaja watu 8,000 waliokufa, katika mji wenye wakazi wapatao 37,000. Mhusika mkuu ni Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa mjini humo. Mwaka 1891 aliandika gazetini kwamba kuviogopa vimbunga Galveston ni upuuzi, kwa kuwa bahari ya pale ina kina kifupi na ingeyavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika nchi kavu.

Mambo yakawa kinyume. Bahari yenye kina kifupi ndiyo huyarundika maji yanaposukumwa na upepo. Maji yalipanda zaidi ya mita 4, na sehemu ya juu kabisa ya mji haikufika hata mita 3. Mimi niliyekulia mbali na bahari ilinibidi nirudie kurasa hizo mara mbili ndipo nielewe. Lakini Cline hakuwa na udhuru huo: mji wa Indianola, kwenye pwani hiyohiyo ya Texas, ulikuwa umepigwa mwaka 1875 na tena mwaka 1886. Watu wa Galveston walizungumzia kujenga ukuta wa kuzuia bahari, wakaacha.

Kwa upande wa fani, sehemu iliyonishika ni Jumamosi asubuhi. Maji yamekwisha ingia mitaani na watoto wanayachezea. Watu wazima wanakwenda ufukweni kutazama mawimbi yanavyobomoa majengo ya kuogea, kama wanaotazama mchezo. Larson hatii chumvi. Sisi wasomaji tunajua, wao hawajui, na hofu inatoka hapo hapo.

Ninapotofautiana naye ni katika jina la kitabu, linalomkabidhi mtu mmoja kimbunga kizima. Ushahidi wa Larson mwenyewe unakataa. Kuba wakati huo ilikuwa chini ya jeshi la Marekani, na huko Havana Wajesuiti wa Belén walikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kufuatilia vimbunga. Wataalamu wa Kuba waliona kwamba hiki kinaelekea magharibi, kuingia Ghuba ya Meksiko. Washington ilisema kitageuka kuelekea Florida na kupanda pwani ya Atlantiki. Tena, siku chache kabla ya hapo, Wakuba walikuwa wamezuiwa kutuma habari za hali ya hewa kwa simu ya maandishi ya serikali! Willis Moore, mkuu wa idara, alikuwa pia amewakataza maofisa wa mikoani kutoa onyo la kimbunga bila ruhusa ya makao makuu.

Darasani tulibishana kama kosa hili tuliite kupuuza au kudharau. Mwenzangu mmoja alishikilia kupuuza. Mimi nasema kudharau, kwa maana anayepuuza amesikia akaacha, ilhali Washington iliwafunga Wakuba mdomo ili isisikie. Cline aliidharau bahari. Wakubwa wake waliwadharau watu. Larson anayaweka yote mawili chini ya kiburi cha zama zile, na kwangu hayo si kitu kimoja.

Kuna pia suala la nani anasimulia. Cline alidai baadaye kwamba alipita ufukweni na farasi akiwaonya watu, na Larson anafanya vyema kulitilia shaka dai hilo. Hata hivyo anaendelea kutuingiza ndani ya mawazo ya Cline, kwa kutegemea kumbukumbu zilizoandikwa na Cline huyohuyo. Wanaume weusi waliolazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupakia maiti kwenye tishari ili zikatupwe baharini wanapita haraka mno. Maiti zile zilirudi ufukweni. Mwandishi angeweza kukaa nao hata sura moja.

Nyumbani kwa Cline walikimbilia watu wapatao 50, kwa sababu nyumba ilikuwa imara na mwenyewe alikuwa mjuzi wa hali ya hewa. Walisalimika 18. Mkewe Cora, aliyekuwa mjamzito, hakuwa miongoni mwao.