Kunawa si Kuchakachua

Kiswahili cha mpira kina kitenzi ambacho kila msikilizaji wa redio anakijua: kunawa. Mchezaji akiugusa mpira kwa mkono, mtangazaji husema amenawa, na hakuna anayefikiria maji wala sabuni. Kitenzi cha pili ninachokihitaji hakikuzaliwa uwanjani. Kuchakachua kilitoka kwenye vituo vya mafuta vya Tanzania, ambako wajanja walichanganya mafuta ya taa na dizeli, kikahamia kwenye kura wakati wa uchaguzi wa 2010, na leo hata sisi tunaosoma Kiswahili hapa Kampala tunakitumia kwa maziwa, kwa vyeti na kwa asali. Nadai kwamba mashabiki wa mpira hukasirishwa zaidi na anayenawa kuliko anayechakachua, na kwamba hapo wamegeuza mambo juu chini.

Tuanze na kidonda chetu. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa sare 1-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, na dakika 120 zilikuwa zimekwisha. Dominic Adiyiah akapiga kichwa, mpira ukawa unaingia, na Luis Suárez, aliyesimama kwenye mstari wa goli, akaunawa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Uruguay ikashinda kwa mikwaju 4-2, na Afrika ikangoja hadi Morocco mwaka 2022 ndipo ikaiona nusu fainali.

Hasira ile ilikaa miaka. Huko Qatar, tarehe 2 Desemba 2022, Uruguay iliifunga Ghana 2-0 lakini zote mbili zikatolewa, kwa sababu Korea Kusini iliishinda Ureno. Mashabiki wa Ghana wakashangilia kutolewa kwa Uruguay kana kwamba wao ndio waliofuzu. Siku moja kabla, Suárez alikuwa amekataa kuomba radhi. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye alipewa kadi nyekundu, na aliyekosa penalti ni mchezaji wa Ghana. Maneno yale yaliwachoma wengi. Najua nitazomewa, lakini naona alikuwa na hoja. Alitenda kosa mbele ya refa, mbele ya kamera, mbele ya dunia nzima. Sheria ilikuwa na bei ya kosa hilo na aliilipa palepale. Ghana ilipewa mpira mita 11 kutoka golini, na mbele yake kipa peke yake. Unaweza kusema bei ni ndogo mno, nami nitakubali kwamba sheria ibadilishwe. Lakini huwezi kusema mtu alifichwa kitu.

Sasa twende Marekani, kwenye mpira wao ule wenye umbo la yai, ambao wengi wetu hatuutazami. Tarehe 18 Januari 2015, huko Foxborough, New England Patriots waliifunga Indianapolis Colts 45-7 na kwenda Super Bowl. Katika ligi ile, NFL, kila timu huleta mipira yake ya kushambulia. Mpira huo lazima uwe na upepo wa kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa kila inchi ya mraba. Ukipungua kidogo, huwa rahisi kushika, hasa jioni ya baridi na mvua kama ile. Wakati wa mapumziko mipira 11 ya Patriots ilipimwa, na yote ikaonekana iko chini ya kiwango.

Uchunguzi ulioongozwa na wakili Ted Wells ulitoa ripoti yake Mei 2015. Kamera ilikuwa imemwona mfanyakazi wa chumba cha waamuzi akibeba mifuko ya mipira kabla ya mchezo, akaingia nayo chooni na kukaa humo kama dakika moja na sekunde 40. Katika ujumbe wa simu wa mwaka mmoja nyuma alikuwa amejiita, tuseme kwa Kiswahili, Mpunguza-upepo. Mawakili wa timu wakajibu kwamba neno hilo lilihusu kupunguza uzito wa mwili. (Mwanafunzi wa semantiki akitaka mfano wa neno linalokamuliwa hadi litoe maana isiyokuwamo, huu hapa.) Ripoti ilisema inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli kwamba mipira ilitolewa upepo kwa makusudi, na kwamba Tom Brady, mrushaji wao mashuhuri, alikuwa na fununu. Brady alifungiwa michezo minne, timu ikatozwa dola milioni 1. Jaji mmoja akafuta adhabu ya Brady Septemba 2015, mahakama ya rufaa ikairudisha Aprili 2016.

Mashabiki walifanya nini? Wale wa Boston walivaa fulana za kudai Brady aachwe huru, kama vile yuko gerezani. Wakawa wataalamu wa fizikia kwa wiki mbili: hewa ikipoa msukumo hushuka, kwa hiyo mipira iliyopimwa ndani kwenye joto na kupelekwa kwenye baridi lazima ipungue. Ni kweli, tena ni hoja yao bora kuliko zote. Mashabiki wa timu nyingine hawakutaka kusikia habari ya joto wala baridi; walikumbusha kwamba mwaka 2007 timu hiyohiyo ilitozwa faini kwa kurekodi kwa kamera ishara za wapinzani. Septemba 2017, kamishna Roger Goodell alipofika Foxborough, uwanja ulijaa taulo zenye picha yake akiwa na pua nyekundu ya mchekeshaji.

Kelele zote hizo zilizunguka hoja moja inayonikera kuliko nyingine: Patriots wangeshinda hata hivyo. Mipira ilijazwa upepo wakati wa mapumziko, na kipindi cha pili wakafunga pointi 28 bila jibu. Sawa. Lakini nenda Owino ukamkute muuza nyama amechezea mizani, kisha akuambie kwamba hata mizani ingekuwa sahihi ungenunua tu, kwa sababu nyama yake ni nzuri. Utamwelewa? Anayenawa anavunja sheria ndani ya mchezo, na mchezo una mdomo wa kumjibu. Anayechakachua kifaa anakigusa kile kinachotumiwa kuamua kama mchezo upo. Colts hawakupewa penalti. Hawangeweza kupewa, maana jambo lilitendeka, kama lilitendeka, nyuma ya mlango uliofungwa.

Nasema kama lilitendeka kwa sababu sehemu ya kuaibisha ya kisa hiki ni ya ligi yenyewe. Kabla ya mchezo waamuzi walipima mipira bila kuandika namba. Wakati wa mapumziko zilitumika geji mbili zisizolingana: moja ilitoa wastani wa 11.49 kwa mipira ya Patriots, nyingine 11.11. Kwa mujibu wa hesabu za wachunguzi wenyewe, baridi peke yake ingeishusha mipira hadi kati ya 11.32 na 11.52. Yaani ukiamini geji ya kwanza, huenda hakuna mtu aliyegusa kitu. Ukiamini ya pili, mtu aligusa. Mwamuzi alikumbuka kwamba kabla ya mchezo alitumia ile ya kwanza. Wachunguzi wakaamua yaelekea alitumia ya pili. Kazi ya mtu, jina la timu na dola milioni 1 vilining'inia kwenye geji ambayo hakuna aliyeijali asubuhi ya siku hiyo.

Hapa ndipo ninapowalaumu mashabiki wa pande zote mbili. Msimu uliofuata, NFL ilianza kuandika msukumo wa mipira na kuipima kwa kushtukiza katika baadhi ya michezo. Kwa mara ya kwanza zilipatikana namba halisi za mipira halali kwenye baridi halisi, namba ambazo zingeonyesha kama upungufu wa Foxborough ulikuwa wa hali ya hewa au wa mkono wa mtu. Ligi haikuzitangaza. Waliojaza uwanja kwa taulo walikuwa na sababu ya kuzidai, na waliowaita Patriots wezi walikuwa nayo pia. Taulo zilichapishwa, lakini picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya pua ya mchekeshaji.