Kanda za Harlem na Dhima ya Mhariri

Mwaka 1969, kati ya Juni na Agosti, lilifanyika tamasha kubwa la muziki katika bustani moja ya Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi mjini New York. Waliimba Nina Simone, Mahalia Jackson na Stevie Wonder. Naye Hugh Masekela wa Afrika Kusini alipiga tarumbeta. Hal Tulchin alilirekodi katika kanda za video zipatazo saa 40. Sehemu ndogo ilionyeshwa katika televisheni mwaka huohuo. Nyingine, kwa kukosa mnunuzi, zilikaa miaka mingi bila kutazamwa. Tulchin alifariki mwaka 2017. Mwaka 2021 ndipo Ahmir Thompson, aitwaye Questlove, alipotoa filamu ya Summer of Soul kutokana na kanda hizo, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Oscar.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuokoa. Ukanda wa video ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo huharibiwa na joto na unyevu. Tena haraka haifai: ukanda wa saa moja hauna budi kuchezwa saa nzima ili picha zake ziingie katika kompyuta. Zikisha kuingia, mhariri hukata na kuunga apendavyo, na ukanda wenyewe usidhurike.

Questlove ameutumia uwezo huo kwa busara. Julai 20, 1969, binadamu alipotua mwezini, baadhi ya watu wa Harlem walisema kwamba fedha hizo zingefaa kuwasaidia maskini. Mhariri ameyaweka maneno yao kando ya shangwe za wengine, na mtazamaji akaelewa wimbo ule uliimbwa kwa ajili ya nani.

Hata hivyo, filamu ina kasoro. Mara nyingi sauti za wafafanuzi huufunika wimbo, au wimbo hukatwa kabla ya kufika kikomo. Ufafanuzi ni mtumishi wa sanaa. Usipewe kiti cha bwana wake. Isitoshe, filamu ni ya saa 2 tu. Anayedhani kwamba ameliona tamasha lote amejidanganya: ameona uteuzi wa mtu mmoja.

Jambo hili latuhusu na sisi. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, na tangu video ilipoenea, ngoma, taarabu na harusi zetu nyingi zimehifadhiwa katika kanda. Anayezihamisha leo azihamishe nzima kwanza, aandike mahali, mwaka na majina ya wachezaji, ndipo akate nakala, si asili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande kinachomchosha mhariri wa leo, kama vile bibi anayefunga kanga kabla ya ngoma kuanza, huenda kikawa ndicho atakachokitafuta mwanafunzi wa kesho.